Nilipanga Kadi ya Harusi ya Mume Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja wa kike, na ninaishi Matisi, Kitale. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakapata shamba hapa Trans-Nzoia kabla sijazaliwa. Ninayosimulia yalinipata miaka mitatu iliyopita. Sikulia wakati huo, na mpaka leo machozi hayajaja, kwa hivyo msinionee huruma sana. Nisikilizeni tu.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kadi za harusi na vile vitabu vidogo vya mazishi, picha ya marehemu mbele na historia yake ndani. Niliishi na Barasa, fundi wa kompyuta, mtu wa Bungoma. Tulikuwa tumekaa miaka minne na mtoto tumepata, lakini kwetu hakuwa amefika. Kila nikimkumbusha habari ya mahari ananiambia tungoje mahindi yatoke. Mahindi yalitoka mara nne.

Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, haiwezi kubeba programu ya kuchora kadi. Barasa akapata njia. Rafiki yangu Nelima, niliyesoma naye sekondari, alikuwa na duka la kuchapisha Bungoma mjini, na pale dukani kulikuwa na mashine kubwa, seva. Barasa akaniunganisha nayo kwa laini ya simu. Programu inafanya kazi kule Bungoma, mimi huku Kitale napata dirisha lake tu kwenye skrini. Nikisogeza kipanya Matisi, maua yanasogea Bungoma, na kadi inachapishwa hukohuko. Laini yenyewe ilikuwa ya polepole, kadi ilijichora kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari.

Nelima naye akipata kazi ngumu, alikuwa anaifungua moja kwa moja kwenye skrini yangu. Anaiambia seva dirisha litokee Kitale badala ya pale kwake, basi. Mimi naona kazi imekuja, nainyoosha, naifunga. Nilimpenda Nelima. Ndiye aliyekuja kunipikia uji nilipojifungua.

Baadaye Barasa akaanza kulala Bungoma. Mara moja kwa wiki, mara mbili... Akipiga simu anasema, "Mama Nafula, seva imezima kabisa. Nitalala huku niitengeneze." Namwambia pole na kazi. Kisha narudi kwenye skrini kumalizia kadi za wateja.

Jamani, hebu rudieni hapo. Seva imezima kabisa, na mimi niko ndani yake nafanya kazi! Dirisha liko wazi mbele yangu, maua yanasogea. Kama ile mashine ilikuwa imekufa, mimi nilikuwa nachorea wapi? Sikujiuliza hata siku moja. Wanasema mapenzi ni upofu, lakini mimi macho nilikuwa nayo. Nafikiri niliogopa jibu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Dirisha likafunguka bila mimi kuliita. Nikajua ni Nelima ameleta kazi. Maua yakaja kwanza, kisha pete mbili, kisha maneno ya kualika watu, halafu jina la bibi harusi. Nelima. Nikafurahi, kweli nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu msichana ni mjanja, ameficha mchumba mpaka leo. Nikangoja jina la bwana. Ule mstari ulichukua muda. Ulipokwisha ulikuwa na majina yote matatu ya Barasa wangu.

Sikupiga kelele. Mara dirisha la pili likafunguka, kadi ileile. Halafu la tatu. Nikaelewa kilichotokea. Asubuhi hiyo Nelima alikuwa ameniletea kazi ya mteja, na akasahau kuiambia seva irudi kwake. Sasa alikuwa anabonyeza huko Bungoma, haoni kitu, anabonyeza tena.

Tarehe ya harusi ilikuwa imeenda kando. Nikashika kipanya nikaisogeza katikati, nikahifadhi. Kwa nini? Sijui mpaka leo. Mikono ilikuwa imezoea.

Simu ikalia, alikuwa Nelima.

"Shiru, sasa? Hii laini iko na shida? Vitu hazifunguki huku."

Nikamwambia laini iko sawa. Nilisikia printa ikifanya kazi nyuma yake.

"Shiru... umeona?"

"Nimeona. Tarehe ilikuwa imeenda kando, nimeiweka katikati."

Akaanza kulia. Ati hakutaka nijue hivyo, ati walikuwa wanapanga kuniambia pole pole. Nilimsikiliza mpaka credit yake ikaisha.

Barasa hakurudi Matisi. Jamaa mmoja wa kwao akanidokezea kwamba matangazo ya ndoa yameshasomwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja. Jumapili hiyo nikamvalisha Nafula gauni lake, tukaenda Bungoma. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, nikasimama.

Tuliitwa chumba cha nyuma. Mchungaji alikuwa mzee mpole, hakunipandishia sauti. Aliniuliza kama nina cheti cha ndoa. Sina. Mahari ilipelekwa? Hapana. Wazee wa huyu bwana waliwahi kufika kwenu? Hapana. Akamgeukia Barasa. Barasa akaangalia viatu vyake akasema, "Huyu ni mama ya mtoto yangu. Hatukuoana."

Na ilikuwa kweli. Hapo ndipo paliponiuma. Miezi yote ile alinidanganya nikasimama imara, siku aliyosema ukweli ndiyo iliyonimaliza.

Mchungaji akasema, "Pole sana, mama. Mambo ya kumlea mtoto nitasimamia mimi mwenyewe. Lakini hii ndoa sina njia ya kuizuia."

Wakarudi ndani. Nilitaka kwenda zangu, lakini nikakaa benchi la nyuma na mtoto mapajani. Tangazo likasomwa tena, na kanisa zima likapiga makofi. Nafula alikuwa amelisikia jina la baba yake. Naye akapiga makofi, akicheka, akanishika viganja ili nami nipige.

Nilipiga.

Nilimweleza baba yangu yote. Hakunilaumu. Aliuliza tu hao watu wa kwao Barasa wanafanana vipi, maana hakuwahi kumwona hata mmoja. Dada zangu mnaosoma haya, nawasihi, mtu akitaka kukaa nanyi, aje kwanza nyumbani ajulikane, kabla hamjazaa naye. Na akikawia kuja, msimtafutie sababu.