Uzito wa Rukaya

Asubuhi ile ya masika Ihanda yote, huko Karagwe, ilikuwa ndani ya ukungu, na nyumbani kwa Saleh kila kitu kilikuwa cha baridi: maji mtungini, patasi mezani, hata mikono ya mkewe. Tufe peke yake lilikuwa na joto. Saleh aliliokota barazani akaona lina joto la kitu kilichotoka kupakatwa sasa hivi. Akadhani binti yake amelala nalo tena, akacheka peke yake, akaendelea na kazi.

Lilikuwa tufe la mti, jeusi, kubwa kama kichwa cha mtu. Mdachi mmoja aliyepiga kambi mlimani alikuwa akilibingirisha jioni kwenye uwanja aliousawazisha, liangushe vigogo tisa vilivyosimamishwa mwisho wa uwanja. Watu walikwenda kumtazama, wakashangaa mtu mzima na ndevu zake anashinda akiangusha vigogo na kuvisimamisha upya. Alipohamishwa, wapagazi waligoma kulibeba lile tufe. Walikuwa wamezoea mizigo mizito kuliko huo, lakini kila aliyejitwika alisema anahisi mtu amempanda mabegani. Basi tufe akapewa Saleh, fundi seremala mwenye kiduka cha chumvi na nguo, kwa sababu ndiye aliyemtengenezea Mdachi masanduku ya safari.

Saleh na mkewe Mwaja walikuwa wamezaa wanne na kuzika watatu. Aliyebaki ni Rukaya, mwenye miaka saba, na nyumba nzima ilipumua kupitia kwake. Homa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imemwachia mikono isiyo na nguvu. Alipanga magunzi tisa ya mahindi uani kama alivyoona kule mlimani, akachuchumaa nyuma ya tufe, akasukuma kwa mikono yote miwili. Halikusogea hata kidogo.

"Baba, nipunguzie," alisema. "Liwe hilihili, ila liwe jepesi."

Saleh hakuwa na ubavu wa kumnyima mtoto yule kitu. Alilipima kwanza kwenye mizani ya dukani, likawa ratili kumi na nne. Akalibana, akalitoboa kwa keke, kisha kwa siku tatu akalichokonoa ndani kwa patasi ndefu. Mti ule mgumu ulitoa maranda membamba yenye mafuta, na harufu yake ilikuwa tamu ikajaa hadi jikoni. Akaziba tundu kwa kizibo na nta. Likabaki ratili nane.

Harufu ile ndiyo iliyomponza Mwaja. Mama yake alikuwa mtu wa Pangani, na mwanamke aliyelelewa na mtu wa Pangani havai nguo isiyofukizwa. Lakini Karagwe udi ulikuja kwa misafara, tena kwa nadra. Alipoyanusa maranda yale alifurahi mno, akayazoa yote, akayatia kidogo kidogo kwenye makaa ya chetezo, akafunika tenga juu yake, akatandaza juu ya tenga nguo za Rukaya. Alifukiza mpaka yakaisha.

Siku hiyohiyo Rukaya alibingirisha tufe, na magunzi yote tisa yakaanguka. Alipiga vigelegele mwenyewe kama bibi harusi asiye na ndugu. Saleh aliacha randa yake, akakaa chini kumtazama. Sitaki kumficha msomaji: furaha haikuingia tena katika nyumba ile.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, Rukaya akiwa amekaa miguuni pa mama yake anasukwa, walisikia tufe likibingirika chumba cha ndani. Lilikwenda polepole mpaka ukutani, likasimama, kisha vikasikika vishindo vidogo tisa. Saleh aliingia akalikuta katikati ya sakafu, halina mtu, halina magunzi, na harufu tamu imejaa chumbani wakati chetezo kilikuwa kimelala baridi tangu siku ile ya kufukiza.

Kesho yake Mwaja alimbeba mtoto mgongoni kwenda kisimani, na njiani akageuka mara mbili kuhakikisha kwamba yumo. Rukaya hakuwa amekonda, mashavu yake yalikuwa yaleyale, alikula ndizi za bitoke na maharage akaomba tena. Lakini alipopita uani kwenye tope la mvua hakuacha alama ya mguu, na upepo ulipovuma alishika nguzo ya baraza kwa mikono miwili na kumtazama baba yake. Saleh akampandisha kwenye mizani. Mwezi uliopita alikuwa ratili thelathini na nane, sasa alikuwa ishirini na tano. Akalipima tufe, akakuta zile ratili kumi na tatu zilizopungua kwa mtoto zimo ndani yake.

Alikwenda Igurwa mbio kumwita Mwalimu Hatibu, aliyefundisha Kurani na kuandika makombe ya kunywesha wagonjwa. Hatibu alifika, akasimama mlangoni, akanusa.

"Mmefukiza nini humu?"

Mwaja akamweleza. Hatibu alikaa kitako palepale kizingitini.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "umefukiza mwili wa jini. Anayefukiziwa ameitwa, na wewe umemwitia kwenye nguo za mwanao."

Alisoma mpaka jasho likamtoka. Kisha Rukaya akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mtu mzima aliyechoka.

"Nilikuwa nimelala. Uzito wangu ndio usingizi wangu. Fundi ameuchimba."

"Unataka nini?" aliuliza Hatibu.

"Nirudishieni nilichokuwa nacho. Hamna? Basi nitachukua hapa."

Saleh alipiga magoti chini ya meza yake ya useremala. Alikwangua nyufa, akakung'uta viatu, akapekua hata nywele za mikono yake, akapata maranda ya kujaza ncha za vidole viwili. Akang'oa kizibo, akayatumbukiza. Jioni ile Rukaya alikanyaga tope, nyayo zake mbili zikabaki. Mwaja alizifunika kwa ungo zisinyeshewe. Alipofunua asubuhi zilikuwapo, ila mwenye nyayo alikuwa hawezi tena kukaa mkekani bila kushikwa.

"Mama, nibane," alikuwa akinong'ona. "Nibane nisiende."

Mwaja alimbana siku mbili hajala wala hajalala. Alasiri ya siku ya pili alijikuta amekumbatia kitu kisicho na pumzi wala uzito. Wanawake waliokuja kuosha maiti hawapendi kulisimulia jambo lile hadi leo: kila walipommiminia maji, mtoto aliinuka ubaoni, ikabidi mama yake amshike kifua.

Baada ya hitima Hatibu alirudi na gunia na kamba.

"Nipeni hilo tufe nikalitupe Mto Kagera. Jini atakwenda na maji, nyumba ipone."

Saleh aliliweka tufe kwenye mizani kwa mara nyingine. Ratili arobaini na sita. Alitoa nane za mti, zikabaki thelathini na nane, machozi yakimdondokea. Mwaja akalitoa mizanini, akalipakata, akalifunika kwa kanga yake. Lilikuwa na joto.

"Mwalimu, watatu nimewapeleka makaburini. Huyu simpeleki mtoni."

"Dada yangu, aliyemo humo ni jini."

"Najua. Na mwanangu yumo naye. Nimwache peke yake na jini?"

Hatibu alizungusha kamba yake mkononi. Akakunja gunia lake akaondoka.

Masika yaliyofuata Mwaja alilibeba tufe hadi dukani, akalipandisha mizanini mwenyewe, akamwita mumewe. Arobaini na tisa. Saleh akadhani mawe ya mizani yamekosewa, akayabadilisha, akapima tena. Arobaini na tisa.

Mwaja alitabasamu, kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

"Umeona, Baba Rukaya?" alisema. "Anakua."