Glasi ya Kwanza ya Muuzaji Urukususu

Bahgat hakuwa na duka. Hakuwa na punda wa kumbebea mzigo, wala mtoto wa kumpokea, wala pensheni. Kusoma hakujua. Meno ya upande wa kushoto yalikwisha zamani. Na mwaka ule, kila alipopanda ngazi za nyumba yake pale Tanta, Misri, hata pumzi hakuwa nayo.

Alikuwa na jagi kubwa la shaba alilolifunga kifuani kwa mkanda, na alikuwa na mkewe, Nagati. Bahgat aliuza maji ya urukususu. Alfajiri Nagati aliiponda ile mizizi mitamu, akairoweka, akaichuja kwa kitambaa mpaka yakatoka maji meusi yenye povu. Kisha mumewe akaenda kuyatembeza vichochoroni.

Marehemu baba yake alimwachia sharti moja: kila kichochoro unachoingia, glasi ya kwanza unywe wewe, watu wakikutazama. Muuzaji asiyekunywa chake, nani atamwamini? Vichochoro vya Tanta ni vingi. Majirani walimtania kwamba siku akichomwa sindano litatoka povu.

Miguu ilipoanza kuvimba, daktari alimpa vidonge vya aina mbili: kimoja cha kuupa moyo nguvu, kingine cha kukojoza, ili maji yapungue mwilini. Akamuuliza kama alikuwa akitumia dawa nyingine yoyote. Bahgat akajibu hapana. Hakusema uongo. Kwake yeye urukususu ulikuwa kazi, haukuwa dawa.

Vidonge vilimsaidia kidogo, kisha miguu ikavimba tena. Nagati alilelewa akiambiwa kwamba urukususu hupoza kifua, basi akaanza kumwekea birika zima kando ya kitanda. Kadiri mumewe alivyovimba, ndivyo alivyozidi kumnywesha. Miguu ya Bahgat ikalegea kama kitambaa kibichi. Chakula kikamchefua. Asubuhi moja akauliza ni nani aliyepaka ukuta rangi ya manjano.

"Manjano yako machoni kwako, mzee," Nagati alimjibu. "Ukuta huu haujaonja rangi tangu unioe."

Bahgat hakucheka. Siku zote hucheka.

Maulidi ya Tanta yalipofika, mji ukafurika wageni, naye akakataa kulala ndani. Alianguka katikati ya umati, jagi likiwa bado kifuani. Watu walimbeba mpaka hospitali, nguo zikimchuruzika povu.

Pale hospitali Nagati alikutana na Demiana, mfamasia wa wodi. Demiana hakuuliza habari za dawa. Aliuliza mzee anakula nini na anakunywa nini. Nagati akaeleza yote kwa fahari, glasi za vichochoroni na birika la kitandani, ili ajulikane kuwa mke anayetunza. Demiana akaiweka kalamu chini.

"Mama, huo urukususu nao ni dawa."

"Ni mzizi tu, binti yangu. Watu wanaunywa harusini."

"Mzizi nao una nguvu zake. Ukizidi, unazuia maji na chumvi mwilini, na shinikizo la damu linapanda. Tena unayatoa mwilini madini yanayoitwa potasiamu, na bila hayo moyo haupigi sawasawa. Kile kidonge cha kukojoza nacho kinayatoa madini hayohayo. Ni ndoo mbili kwenye kisima kimoja. Kisima kikikauka, kidonge cha moyo kinageuka sumu. Ndiyo maana chakula kinamchefua. Ndiyo maana ameona manjano."

Nagati aliitazama mikono yake, iliyobaki na weusi wa mizizi.

"Basi mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa, mama," Demiana alisema.

Kisha akamwelekeza la kufanya. Vidonge visiachwe wala visipunguzwe bila daktari kusema. Na daktari aambiwe kila kinachopita kooni: mizizi, majani, chai za dukani, hata kidonge cha kuazima kwa jirani. Kuna vyakula na matunda yanayogombana na dawa, na mgonjwa hawezi kujua ni yapi asipouliza.

Urukususu ukakoma. Bahgat akarudishiwa madini, huku damu yake ikipimwa mara kwa mara. Manjano yakafutika, miguu ikanywea. Lakini moyo ulikuwa umechoka mno. Daktari alisema jagi hatalibeba tena. Bahgat alirudi nyumbani, akalala akiuelekea ukuta. Majirani walipokuja kumpa pole hakugeuka.

Demiana alikuwa ameuliza kama katika ukoo kuna mwingine anayekunywa hivyo. Yupo: Shauki, mdogo wake Bahgat, muuzaji kama yeye katika mji wa Damanhuri. Naye miguu imevimba, naye anameza vidonge kama vile. Nagati alikuwa amesoma darasa la jioni la watu wazima kwa miaka miwili, basi akachukua karatasi amwandikie. Bahgat akamkataza.

"Ukimwambia asinywe, umemwambia afe njaa."

"Auze. Asinywe tu."

"Na nani atamwamini?"

Nagati alikaa, kalamu mkononi, mpaka chai ikapoa. Mwishowe Bahgat akasema, bado akiutazama ukuta, "Andika."

Akaandika, herufi moja baada ya nyingine:

"Ndugu yangu Shauki. Glasi ya kwanza usinywe tena, wala ya mwisho. Vidonge usiviache. Nenda kwa daktari leo, umwambie umekunywa urukususu miaka yote hii. Baba hakujua. Mimi nimejua nikiwa nimechelewa. Nduguyo, Bahgat."

Shauki naye hakujua kusoma. Ingebidi atafute wa kumsomea, kama bado alikuwa na miguu ya kumpeleka. Nagati aliikunja karatasi, akailamba gundi ya bahasha, akaibana kwa ngumi. Akashuka ngazi, akavuka barabara, akaitumbukiza barua katika sanduku la posta.