Moto wa Miguu ya Mboje

"Mboje! Toa mguu!"

"Mguu gani?"

"Unaungua, wewe!"

Scola alimshika mumewe makwapani, akamburuta mbali na jiko la mkaa. Chumba kizima kilinuka nyama. Ndala ilikuwa imeyeyukia kisiginoni. Mboje anacheka tu, mdomo unanuka gongo.

"Baridi ya Sumbawanga, mke wangu. Nilikuwa naota moto."

"Unaota moto au unajichoma kama hindi?"

Mwaka jana, akiwa amelewa, Mboje alipanda juu ya lori la mahindi kutoka Mwimbi. Akadondoka, uti wa mgongo ukavunjika. Kuanzia kiunoni kushuka chini, ukimgusa hasikii. Scola aliapa kwamba Mboje akinusa pombe tena, yeye anarudi kwao.

"Nani kakuletea?"

"Malaika."

Simu ya Mboje ikalia. Ujumbe. Scola akausoma: "Mwanangu, Kabula kafika na chupa? Kunywa kidogo upumzike."

Kabula ni dada yake Mboje. Aliyeandika ni mama yao. Scola akampigia hapo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kumbe ni wewe unayemuua mwanao?"

"Ulitaka nifanyeje? Analia miguu inawaka. Wewe uko sokoni, ananipigia mimi."

"Hiyo miguu imekufa, mama! Itawakaje?"

"Muulize mwenye miguu."

Scola akakata simu. Akamwaga gongo yote uani, akatoa jiko nje, akamfunga kidonda. Mchana pombe ikamtoka Mboje. Meno yakaanza kugongana.

"Scola, zima moto."

"Jiko liko nje, mume wangu."

"Upo huku miguuni! Zima!"

Akampa vidonge vya hospitali. Akamkanda kwa maji baridi. Akaipuliza ile miguu, akijua anapuliza bure. Mboje aliuma blanketi, akapiga yowe mpaka majirani wa pale Milanzi wakajaa mlangoni.

"Si uliapa? Nenda kwenu, Scola. Niache nife."

"Nikienda, nani atakugeuza kitandani?"

Mboje akaanza kujigonga kichwa ukutani. Scola akaweka kiganja chake katikati, kikagongwa na kichwa kile. Kwa mkono mwingine akabonyeza simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Moto umeanza?"

"Umeanza."

Mama mkwe hakumcheka.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

Scola alimtazama mumewe. Alitaka Mboje aseme hapana.

"Mtume Kabula," alisema. "Mwambie apande bodaboda."