Ubao Uliopinda Bila Mzigo

Baba mdogo Leodgar hakuwa mtu wa kuamini mambo ya kishirikina. Miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kuja kwetu, yeye alikuwa fundi wa maabara ya ujenzi pale Bangwe, nami karani wake. Alipima nguvu za mbao. Ubao hulazwa juu ya vyuma viwili, katikati huning'inizwa mawe ya mizani, na chini yake kuna saa yenye mshale unaoonyesha umepinda kiasi gani. Mzigo ukitolewa, ubao mzima hunyooka, mshale ukarudi sifuri.

Asubuhi hiyo tulikuwa na mbao za gati dogo la kuteremshia wakimbizi. Redio inaimba, chai iko mezani, Verediana, mkimbizi wa Kirundi aliyetufanyia usafi, anafagia. Boti lililomleta yeye na wenzake lilivunjikia karibu na Ilagala, wengi wakazama. Mwanawe mdogo, Bariki, hakuonekana tena. Verediana alimuuliza kila aliyetoka ufukweni kama kumepatikana chochote, hata kipande cha boti. Baba mdogo alimjibu hakuna.

Uongo mtupu. Mbao za boti lile alizikuta mchangani Ilagala, akazipiga randa hadi rangi ikatoka, akaziingiza stoo kama mbao mpya. Ukoo mzima tunaona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akalaza ubao wa kwanza kati ya hizo. Mshale ukasogea.

Hatujaning'iniza jiwe hata moja. Akaigonga saa kwa kidole. Mshale ukazidi kwenda. Ubao ukabonyea katikati, ukalia, kama benchi linapokaliwa na watu wengi.

Verediana aliacha fagio. Akasogea, akapapasa ubao, akanong'ona Kirundi, "Twashitse." Tumefika.

Mshale ukarudi kidogo. Ukatulia. Ukarudi tena. Waliozama walikuwa wanashuka mmoja mmoja.

Karibu na sifuri ukagoma. Umebaki uzito mdogo tu.

"Ngwino, mwana wanje," alisema Verediana. Njoo, mwanangu. Akainama, akanyanyua kitu tusichokiona. Mshale ukagonga sifuri. Akakipandisha mgongoni, akafunga kitenge. Kitenge kikajaa. Kilikuwa kinachuruzika maji.

Mlangoni aligeuka.

"Mzee, ulikuwa unajua?"

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Jasho lilimtoka, masikio yakamwiva kwa aibu. Nami nilitamani sakafu inimeze.

Verediana akaondoka zake, akibembeleza.

Nilidhani yameisha. Baba mdogo, labda ili ajiambie kwamba saa ni mbovu, akaning'iniza mawe yote tuliyokuwa nayo. Ubao ukabonyea, mshale ukaenda vizuri. Akayatoa, ukarudi sifuri. Saa haikuwa na kasoro yoyote.

Kisha akaukalia yeye mwenyewe. Baba mdogo alikuwa pande la mtu, mwenye kitambi.

Ubao uliopinda kwa waliozama haukupinda kwake.

Akajitingisha. Akainua miguu yote miwili juu.

"Soma," alininong'oneza.

Nikainama, nikasoma. Sifuri.