Viatu vya Mama Mapacha

Saa moja asubuhi mfagizi alimkuta Mama Mapacha kwenye benchi la kliniki ya majaribio ya dawa ya kifafa. Amekaa wima, ameshakata roho.

Mkaguzi wa kamati ya maadili, ile inayowalinda wanaojaribiwa dawa, alichuchumaa mbele ya maiti. Miguu ilikuwa imevimba kama mito, lakini viatu vilimkaa vizuri. Vilichanwa pembeni, vikaongezwa ngozi, vikashonwa kwa mishono midogo iliyonyooka. Ngozi yenyewe ilishaanza kuchakaa.

Kuvimba miguu ni dalili ya kumwachisha mtu dawa siku hiyohiyo. Nani alijua akanyamaza?

“Dada, usinitolee macho,” nesi alisema. “Kila akija namuuliza, anasema mzima. Gauni linaburuza chini, nimfunue?”

“Ungemfunua.”

Nesi akainamisha kichwa.

Daktari wa utafiti alimtia shaka zaidi, maana jaribio lilikuwa lake. Akambana mpaka adhuhuri.

“Malalamiko ya wagonjwa anayaleta mjumbe wenu,” daktari alisema. “Hajaleta hata moja.”

Mjumbe wao. Mtu wa kawaida kwenye kamati, asemee watu wa kawaida. Mkaguzi ndiye aliyempendekeza, kwa kuwa watu wanamwambia kila kitu wakimsubiri awashonee viatu.

Mkaguzi alikwenda kibandani kwa fundi huyo, akaweka kiatu kimoja cha marehemu mezani.

“Mishono ya nani hii, kaka?”

Fundi viatu hakukigusa. “Yangu.”

“Tangu lini?”

“Mwezi sasa. Alisema vinambana. Akanituma niwaambie nyinyi.”

“Ukamjibu nini?”

“Kwamba nimewaambia. Aendelee tu na dawa, asubiri.”

Mkaguzi akakaa chini bila kukaribishwa. “Alikuamini. Na mimi nilikuamini.”

“Binti yangu alikuwa anaanguka hata jikoni, motoni. Tangu aanze dawa hiyo hajaanguka. Ningesema, mngelifunga jaribio lote.”

Pazia likasogea. Binti akatoka, anachekea kitu alichokumbuka.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Mkaguzi aliangalia chini. Viatu vya binti vilikuwa vimeongezwa ngozi pembeni. Ngozi mpya, inang'aa.

“Najua,” fundi alisema kwa sauti ndogo. “Nimevishona jana.”

Mkaguzi akanyoosha mkono. Fundi akatoa chupa ya vidonge mfukoni, akaishikilia kidogo, kisha akaiachia.

“Sasa akianguka, dada?”

Mkaguzi aliifumbata chupa kiganjani.