Besi ya Gesine

Kila Jumatano, shule ikifungwa, Gesine Kühnast alijitwika mgongoni selo yake, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, na kwenda shule ya muziki, huku akitafuna mkate wa jibini njiani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jumatano hii hata mkate haukushuka vizuri, maana alikuwa na hasira za wiki nzima.

Aliyemkasirisha ni Torben. Torben alipiga fidla ya kwanza, na fidla ya kwanza ndiyo hubeba wimbo. Gesine, kwa selo yake, alipewa besi, zile sauti nene za chini zinazokwenda hatua kwa hatua.

"Pole wee!" Torben alimwambia wiki iliyopita, mbele ya wenzake. "Dum, dum, dum! Hata babu yangu akikoroma anapiga besi."

Wote wakaangua kicheko. Gesine alicheka nao ili asionekane ameumia, lakini moyoni alikuwa akitokota.

Jumamosi orkestra yao ingepiga muziki wa kale katika ukumbi wa ngome ya mji, na watoto wanane wangecheza mbele yake wakiwa wamevaa magauni na makoti ya zama zile. Kiongozi wa wachezaji alikuwa Wiebke, rafiki wa Gesine tangu chekechea. Leo yalikuwa mazoezi ya mwisho.

Walianza na gavoti. Dansi hiyo ina vituko vyake. Kila kipimo kina hesabu nne, lakini yenyewe haianzi kwenye ya kwanza. Huanzia katikati, kwenye ya tatu. Tatu, nne, MOJA, na hapo wachezaji huinuka! Tena ina sehemu mbili, kila sehemu hupigwa mara mbili, na katika marudio fidla ya kwanza huruhusiwa kuupamba wimbo kwa madoido. Torben alipofika kwenye marudio alipamba kwelikweli, shingo juu, jicho kwa Gesine.

"Ala! Huyu ananionaje?" Gesine akajisemea.

Naye akaanza kumwaga madoido kwenye besi, tena ya haraka haraka, ambayo hakuwahi kuyafanyia mazoezi. Yakamshinda. Akachelewa hesabu mbili nzima, na besi yote ikatua mahali pasipo pake. Papo hapo Wiebke akainuka wakati usio wake, akamgonga mwenzake, wakaanguka wote wawili kwa kishindo.

"Simama!" akanguruma Bwana Oelmann, mwalimu wa dansi. "Wiebke! Mwezi mzima nafundisha hesabu ya tatu! Hayo ni masikio au mapambo? Toka mbele! Jumamosi ataongoza Svantje aliye nyuma yako. Wewe utakaa nyumbani."

Wiebke akatoka mbio akilia. Mwalimu Rademacher, mama aliyeongoza orkestra, alikuwa amekunja uso.

"Besi ilikwenda wapi?" akauliza.

"Nilishtuka walipoanguka, Mwalimu," Gesine akajibu, macho chini.

Mwalimu akawapa mapumziko ya dakika tano.

Gesine alimkuta Wiebke katika chumba cha kubadilishia nguo, anavua viatu vya dansi.

"Sielewi, Gesine," Wiebke alisema kwa kwikwi. "Mimi fidla huwa sizisikilizi, zina mbwembwe nyingi. Nakusikiliza wewe, ndiyo najua pa kuinuka. Leo nimekusikiliza vilevile, halafu nikaanguka. Basi ni mimi tu, sifai."

Gesine alihisi uso unamwaka. Hasira zote alizokuwa nazo kwa Torben zilimgeukia mwenyewe. Alimshika Wiebke mkono, akamkokota hadi ukumbini.

"Si yeye, ni mimi!" akapaza sauti. "Nimechezea besi makusudi nimkomeshe Torben, nikachelewa. Ndiyo maana wakaanguka. Halafu nikadanganya. Nifukuzeni mimi!"

Mwalimu Rademacher alitupa mezani kijiti chake cha kuongozea muziki. "Makusudi? Siku tatu kabla ya onyesho? Huna hata aibu!" Kisha akageuka ghafla. "Na wewe, Torben, usikenue meno. Fidla peke yenu, pigeni! Wachezaji, chezeni!"

Fidla zikapiga, madoido tele. Wachezaji wakatazamana, huyu kainuka, yule bado, na kabla ya vipimo vinne mstari ukawa vurugu tupu.

"Inatosha! Gesine, peke yako. Sitaki doido hata moja."

Gesine akaweka upinde kwenye nyuzi. Tatu, nne, MOJA. Watoto wanane wakainuka pamoja, Wiebke mbele, wakacheza sehemu ya kwanza na marudio yake pasipo wimbo wowote.

Bwana Oelmann akakohoa. "Wiebke, nisamehe, binti yangu. Jumamosi utaongoza wewe."

"Bado nimekukasirikia, Gesine," alisema Mwalimu Rademacher. "Kukosea hesabu si kitu, hata mimi hukosea. Lakini kumwacha mwenzako alie kwa kosa lako, hilo silitaki katika orkestra yangu. Umesema kweli, ndiyo maana bado umekaa kwenye kiti hicho. Kazi yako haishangiliwi, lakini watu wanane wanaitegemea kwa miguu yao. Ifanye kwa uaminifu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, wote, tangu mwanzo. Na wewe, Torben, safari hii msikilize yeye."