Goli Moja kwa Ajili ya Marceline

"Hapana, Papa Cyprien, hapo unasema ovyo." Mama Augustine alikuwa ameshashika kiuno kwa mikono yote miwili, na wanaomjua walijua soko zima litasikia. "Mutu anakimbia tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, wewe unamuita bure?"

"Mushambuliaji kazi yake ni kutia mupira ndani," Papa Cyprien alijibu bila kuinua macho kwenye samaki wake. "Kukimbia, hata mbuzi anajua."

Walikuwa majirani huko Mangobo, ukuta kwa ukuta, na ugomvi wa uani waliuleta mpaka sokoni, mama na mikate yake ya mafuta, baba na samaki wake wa maporomoko. Mwaka ule wa 1956 ugomvi huo ulikuwa umeigawa Kisangani nzima. Timu ya kampuni ya mawese ilikuwa na washambuliaji wawili. Zéphirin alifunga. Théodore alikimbia: alimfuata beki mpaka kwenye kibendera cha kona, akampokonya mpira, akampa Zéphirin, na Zéphirin akafunga tena. Nani kati yao ndiye mchezaji?

Marceline, binti wa Papa Cyprien, alikuwa anapara magamba. Liputa lake, kitenge cha maua ya njano, alikuwa amelikunja mpaka magotini, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi, na ulimi wake sokoni ulikuwa na sifa kuliko samaki wa baba yake.

"Papa iko na haki," alisema. "Ule Théodore angekuwa mwanamuke, angepika tangu asubuhi, na watoto wangelala njaa."

Watu walicheka. Kaka yake, René, aliyekuwa amekaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, alicheka mpaka akakohoa. "Dada," alisema, "geuka nyuma."

Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi ya makaa, suruali ya kaki imefungwa kifundoni kwa kamba ili isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Marceline aliacha kupara.

"Nichagulie wawili wakubwa," Théodore alisema taratibu. "Nitawapika leo. Wakiiva, nitakuletea uonje, ndipo utasema vizuri."

Tangu hapo hakupita sokoni bila kununua samaki, na wenzake waliokaa naye chumba kimoja wakaanza kulalamika kwamba wanataka nyama. Mama Augustine, ambaye jambo halimpiti, alishajua kabla ya wenyewe kujua. Jumapili zisizo na mechi, Marceline na Théodore walitembea mpaka daraja la Tshopo, wakasimama pale maji yanaponguruma, na kwa kuwa hawakuweza kusikiana ilibidi wasemezane masikioni. Wengine walisema ndiyo sababu walichagua pale.

René ndiye aliyemfundisha dada yake kuutazama mpira. Yeye alikuwa kipa wa timu ya Lubunga, ng'ambo ya mto, na Zéphirin hakumtisha. "Yule anasimama anangoja, ninamuona," alimwambia. "Ule wako njo anatuua. Beki zangu wanachoka kwa sababu yake, halafu Zéphirin anakuja kuokota. Na tena, chérie, ule mutu ana roho nzuri. Kipa akijitupa chini, yeye anaruka juu yake. Kila mara. Magoli ngapi ameacha namna hiyo! Mimi nikimuona anakuja najitupa tu kama kwenye kitanda cha mama."

Marceline alianza kutazama mahali mpira haupo, na kila mara alimkuta Théodore huko, ameloa jasho, anakimbilia kazi ambayo hakuna atakayeiimba. Akampenda kwa hilo. Kuwaeleza watu sokoni hakuweza.

Lakini Zéphirin naye alikuja Mangobo kumtaka Marceline, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na viatu vya ngozi vinavyolia, na habari kwamba kapita, mnyapara wa kampuni, atawapa wafungaji kazi ya kudumu na nyumba ya matofali, na wengine watarudi kubeba magunia bandarini. Papa Cyprien alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Siku iliyofuata, tonton wa Théodore, mjomba wake, alipokuja kuposa, alisimamishwa nje kwenye jua, akaambiwa neno lililofika mtaa wa nne kabla yeye hajafika wa pili: Papa Cyprien haozeshi binti yake kwa mapafu. Watu waimbe jina la kijana huyo hata mara moja, ndipo arudi.

Marceline alimkuta Théodore bandarini, mabega yake yamejaa vumbi la kahawa.

"Funga goli moja," alimwambia. "Moja tu. Kwa ajili yangu."

"Mimi nafunga kila Jumapili. Ni kwamba napitisha kwenye mguu wa Zéphirin."

"Papa hataoza mimi kwa mguu wa Zéphirin. Ao ndivyo unataka?"

Théodore alijipangusa uso. "Donc hata wewe."

"Hata mimi, ndiyo. Mimi najua unavyofanya, bolingo, lakini kujua kwangu hakujengi nyumba. Ukifika mbele ya kipa unakuwa kama padri. Unaruka, unaomba samahani. Kwa nini usipige?"

Marceline aliondoka bila kuaga. Juma lile Théodore hakununua samaki, na Marceline, mwenye ulimi wake wote, hakutuma mtu kwenda kumwambia kwamba alisema kwa hasira.

Jumapili timu ya mawese ilicheza na Lubunga. Papa Cyprien alivaa koti. Mama Clothilde, mama yake Marceline, hakuwa na desturi ya kwenda mpirani, lakini siku hiyo alikwenda kumtazama mwanawe, akambebea na chakula kwenye kitambaa. Tangu filimbi ya kwanza Marceline aliona kuwa Théodore si yule. Hakumfuata beki. Hakwenda kwenye kibendera. Alisimama mbele, anangoja, kama Zéphirin.

Mpira ulikuja mrefu, ukadunda kati yake na kipa. René alimuona nani anakuja. Akajitupa, kichwa mbele, mikono imefunguka, bila wasiwasi wowote.

Théodore hakuruka.

Mpira uliingia. Uwanja ulilipuka, wakaliimba jina lake, na ilichukua muda kabla walio mbali hawajaona kwamba mfungaji amepiga magoti na kipa hainuki. Marceline alikuwa ameshaanza kukimbia. Kiatu kilikuwa kimempata René chini ya sikio. Alipelekwa hospitali anapumua, na kabla ya Jumatano hakupumua tena.

Mwamuzi alisema ni ajali ya mchezo. Goli lilihesabiwa. Kapita alituma mtu kumwambia Théodore kazi ipo, na Théodore hakwenda kuipokea. Kwenye mazishi alisimama nyuma ya watu wote, na kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi kusimama nje ya ua wa Papa Cyprien, karibu na mtaro, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Vijana wa Lubunga walikuja kumpiga. Hakuinua mkono, wakaona aibu wakaondoka. Mama Augustine alimpelekea mikate, akaikuta baadaye imeliwa na kuku.

Ndani, Mama Clothilde hakuwa anakula. Alikuwa anaweka sahani ya mwanawe kwenye mkeka, anaitazama, kisha anaifunika. Mikono yake ilikuwa imekuwa myembamba kama ya mtoto, na ndugu waliokuja matangani walianza kusemezana kwamba watazika tena.

Ndipo Papa Cyprien alipomwita binti yake uani. Hakuwa mtu yule wa sokoni. Alisema chini kwa chini, anatazama kucha zake. Katika ukoo wao, alisema, mutu akiua bila kukusudia, nyumba ya marehemu inaweza kumchukua. Anakaa mahali pa aliyekufa, anakula kwenye sahani yake, anakuwa mtoto wa nyumba. Mama Clothilde amekubali. Amesema atakula kama ataona mtoto wake wa kiume anakula. Lakini anayemwita lazima awe dada wa marehemu, na lazima amwite kaka.

"Na mutu hawezi kuoa dada yake," Marceline alisema.

"Hawezi."

"Yeye anajua?"

"Tonton wake amemuambia. Amejibu, ukimwita ataingia. Usipomwita ataendelea kusimama. Hata mwaka." Papa Cyprien alizirudia kucha zake. "Mimi njo nilitaka wamuimbe. Sikulazimishi, mama yangu. Sina uso wa kukulazimisha."

Marceline ndiye aliyeuliza kwa nini usipige, na baba yake hakulijua hilo. Théodore peke yake alijua, na hakumwambia mtu. Angeweza kumwacha pale mtaroni. Matanga yangeisha, mwaka ungepita, wangehamia Bafwasende ambako hakuna anayewajua, wakazaa watoto. Alilifikiria hilo lote, mpaka sura za watoto. Kisha kutoka ndani akasikia kifuniko kikigusa sahani.

Alipika mwenyewe. Alitwanga lituma ya ndizi mpaka ikalainika, akakaanga samaki mkubwa aliyekuwapo, akaiweka sahani ya René kwenye mkeka mbele ya mama yake. Akajipangusa mikono kwa liputa jeusi, akafungua mlango wa ua.

Théodore alikuwa amekonda, shati lake halikuwa jeupe tena. Alimtazama mdomoni, kama walivyokuwa wakitazamana kule darajani, pale maji yalipokula maneno. Majirani walikuwa wametoka kwenye milango yao, Mama Augustine mbele yao.

"Kaka Théodore," Marceline alisema, akahakikisha mtaa mzima unasikia. "Ingia ndani. Mama anakungoja mle pamoja."